Bawaba au Mshikamano: Kiungo cha Paa la Chuma na Wajibu wa Wanakiswahili

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 18 Januari 1978, paa la ukumbi wa michezo wa mji wa Hartford, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, liliporomoka na kulala juu ya viti vya watazamaji. Saa chache tu zilizotangulia, watu wapatao 5,000 walikuwa wameketi kwenye viti hivyo wakitazama mechi ya mpira wa vikapu. Hapakuwa na majeruhi, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mtupu. Bahati ya saa chache ndiyo iliyotenganisha msiba na habari ya gazetini.

Paa lenyewe lilikuwa fremu kubwa ya vyuma yenye urefu wa mita 110 hivi na upana wa mita 91, uzito wa takriban tani 1,400, likibebwa na nguzo nne pekee. Lilikuwa miongoni mwa mapaa ya mwanzo ya ukubwa huo yaliyopigiwa hesabu kwa kompyuta. Theluji iliyolilemea usiku ule haikufikia mzigo ambao lilikusudiwa kuuhimili. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kompyuta ilijumlisha na kuzidisha vyema. Kasoro ilikuwa katika maelezo iliyopewa kuhusu viungo na mategemezo ya vyuma. Kwa maneno mengine, kompyuta ilipiga hesabu sahihi ya paa ambalo halikujengwa.

Huenda msomaji wa jarida la wanafunzi wa Kiswahili akauliza: haya yanamhusu nini mtu anayeshinda na ngeli, tashbihi na riwaya? Makala haya yanashikilia kwamba yanamhusu sana. Kiungo cha paa katika programu ya kuchanganua miundo ni kauli. Ni ahadi anayoiweka mhandisi kuhusu jinsi chuma kimoja kitakavyoshikana na kingine. Anayeitimiza ahadi hiyo ni fundi wa kuchomelea aliyeko karakanani, na katika nchi ya Kenya fundi huyo hupokea maagizo kwa Kiswahili. Iwapo ahadi imewekwa kwa lugha moja na kutimizwa kwa lugha nyingine isiyo na istilahi ya kuibeba, basi paa limejengwa juu ya ufa. Wajibu wa kuuziba ufa huo ni wa wanakiswahili kama ulivyo wa wahandisi.

Kiungo mbele ya macho ya programu

Kabla ya kujenga hoja, ni muhimu kubainisha jambo lenyewe. Programu kama SAP2000 na STAAD.Pro haioni chuma. Huona mistari na nukta. Kila mstari huwakilisha boriti, nguzo au pao. Kila nukta huwakilisha mahali vyuma vinapokutana. Katika nukta hiyo, ncha ya chuma inaweza kujongea kwa njia sita: tatu za kusogea na tatu za kuzunguka. Programu sharti iambiwe ni ipi kati ya njia hizo inayopitishwa kutoka chuma kimoja hadi kingine, na ni ipi iliyoachiliwa.

Kuna namna mbili za msingi. Ya kwanza ni kiungo kinachofanya kazi kama bawaba ya mlango: hushika chuma kisisogee, lakini hukiruhusu kizunguke. Ya pili ni kiungo kinachoshika vyote viwili, msogeo na mzunguko, hivi kwamba pembe baina ya vyuma viwili haibadiliki hata mzigo unapoongezeka. Kati ya namna hizo mbili pana eneo pana la viungo vinavyozunguka kidogo na kukinza kidogo. Kanuni ya Ulaya ya viungo vya chuma, EN 1993-1-8 ya mwaka 2005, iliyatambua makundi yote matatu na kuyawekea mipaka ya hesabu. Ukinzani wa kiungo dhidi ya kuzunguka hulinganishwa na ugumu wa boriti ukigawanywa kwa urefu wake. Ukinzani usiozidi nusu ya kipimo hicho huhesabiwa kuwa wa bawaba. Ukifikia mara 8 katika fremu iliyotegemezwa vyema dhidi ya kuyumba, au mara 25 katika fremu isiyotegemezwa, kiungo huhesabiwa kuwa kimeshikamana kabisa. Kilicho baina ya mipaka hiyo ni nusu kwa nusu.

Tofauti hizi si za kinadharia tu. Chukua boriti ya paa yenye urefu wa mita 6 inayobeba mzigo wa kilonyutoni 4 kwa kila mita. Ncha zake zikiwa bawaba, kani ya kuipinda, yaani momenti, hufikia kilonyutoni-mita 18 katikati ya boriti, na haipo kabisa kwenye ncha. Ncha zikishikamana kabisa, momenti huwa 12 kwenye ncha na 6 tu katikati. Boriti ni ile ile, mzigo ni ule ule, ila ramani ya nguvu imepinduka. Aidha, boriti ya ncha za bawaba hulegea katikati mara tano zaidi ya ile ya ncha zilizoshikamana.

Sasa fikiria kwamba mhandisi alichora ncha zilizoshikamana, akachagua chuma kinachotosha momenti ya 12, kisha karakana ikaunganisha boriti hiyo kwa vipande viwili vidogo vya chuma na bolti mbili za kiwamboni. Kiungo hicho kitazunguka. Momenti itahamia katikati na kufika 18, yaani nusu mara zaidi ya ile iliyotarajiwa. Kinyume chake kina hatari yake pia. Mhandisi akiandika bawaba, naye fundi kwa nia njema akachomelea pande zote mpaka pasizunguke, nguzo itapokea momenti ambayo haikuwahi kuhesabiwa. Fundi ameongeza chuma na kazi, akadhani ameongeza usalama, kumbe amehamisha mzigo hadi mahali pasipoandaliwa kuupokea.

Ukimya wa programu

Lipo jambo moja katika programu hizi ambalo halizingatiwi ipasavyo. Zikiachwa bila maelekezo, huchukulia kwamba kila chuma kimeshikamana kabisa na mwenzake. Bawaba haitokei mpaka mtumiaji aiamuru kwa kuachilia mzunguko kwenye ncha ya chuma. Maana yake ni kwamba kauli nzito kuhusu kiungo inaweza kutolewa bila mtu yeyote kuitamka. Mwanafunzi wa uhandisi anayechora mistari ya paa kwa haraka, akaweka mizigo na kubonyeza kitufe, amekwisha kusema kuwa kila kiungo cha paa lake kimeshikamana, ijapokuwa hakuwahi kulifikiria neno hilo.

Mbaya zaidi, kosa la upande mmoja hupigiwa kelele ilhali la upande wa pili hunyamaziwa. Tazama fremu ya kawaida ya godauni: nguzo mbili, na boriti mbili za mteremko zinazokutana kileleni. Aghalabu nyayo za nguzo huwekwa kuwa bawaba. Mhandisi akighafilika akaweka bawaba nyingine mbili pale nguzo zinapokutana na boriti, fremu itakuwa na bawaba nne na itaweza kuanguka kama sanduku la karatasi lililofunguliwa. Hapo programu hulalamika: hutoa onyo kwamba muundo hauna uthabiti, au hutoa msogeo mkubwa ajabu ambao hauwezi kumpita mtu. Hata hivyo, mhandisi huyo akighafilika kinyume, akaacha kila kiungo kishikamane ilhali karakana haitaweza kamwe kukijenga hivyo, programu hutulia. Hutoa picha nzuri ya rangi, chuma chembamba na gharama nafuu. Bawaba zikizidi, programu hupiga mayowe. Mshikamano ukizidi, hukaa kimya. Ukimya huo ndio unaohitaji lugha ya binadamu, kwa sababu hakuna kitu kingine kitakachouvunja.

Somo la Hartford

Yaliyotokea Hartford yanathibitisha hoja hii kwa njia mbili.

Kwanza, hesabu ilichukulia kwamba vyuma vya juu vya fremu, vilivyobeba mgandamizo, vilitegemezwa ubavuni katikati ya urefu wao. Vyuma hivyo vilikuwa na urefu wa mita 9 hivi, na tegemeo la katikati lingewafanya wahandisi wavihesabu kama vipande vya mita 4.5. Katika kingo za paa tegemeo hilo halikuwa la kutosha. Ikumbukwe kwamba chuma chembamba kinachogandamizwa hujipinda ubavuni kwa ghafla, na uwezo wake hupungua kwa mraba wa urefu usiotegemezwa. Urefu ukiwa maradufu, uwezo hushuka hadi robo. Vilevile bati za paa hazikufungwa moja kwa moja kwenye vyuma vya juu. Ziliinuliwa juu ya vijiguzo vifupi, hivyo hazikuweza kuvishikilia visijipinde.

Pili, mistari ya vyuma haikukutana katika nukta moja. Vyuma vya ulalo vilikutana mahali palipotengana kidogo na pale vilipokutana vyuma vya mlalo. Katika kompyuta nukta ni nukta. Katika chuma halisi pana nafasi. Nafasi hiyo huzaa momenti. Kani ya kilonyutoni 100 ikipita milimita 50 kando ya mahali inapodhaniwa kupita, huzaa momenti ya kilonyutoni-mita 5. Chuma kilichohesabiwa kwa mgandamizo pekee sasa kinapindwa pia.

Yanayosikitisha zaidi ni kwamba paa lilisema. Liliunganishwa likiwa chini ardhini, na lilipokwisha kuinuliwa ilionekana kwamba linalegea maradufu ya kiwango kilichotabiriwa na kompyuta. Wahandisi walipoarifiwa, walijibu kwamba tofauti za namna hiyo kati ya hesabu na hali halisi ni za kutarajiwa. Ukumbi ukafunguliwa mwaka 1975, na miaka mitatu baadaye paa likashuka. Usipoziba ufa, walinena wahenga, utajenga ukuta. Hartford hawakujenga ukuta tu. Walijenga ukumbi mzima upya.

Maneno mawili yanayopotosha

Turudi Kenya, penye kiini cha mjadala. Michoro ya miundo nchini huandikwa kwa Kiingereza, na chuo kikuu humfunza mhandisi wa miundo kwa Kiingereza. Lakini katika karakana za Kariobangi, na kwenye viwanja vya ujenzi kote nchini, maagizo ya mwisho hutolewa kwa mdomo, na aghalabu kwa Kiswahili. Hapo ndipo maneno mawili yanapojitokeza na kupotosha.

Neno la kwanza ni kufiksi. Mhandisi anapolitumia, akilini mwake mna dhana ya kiufundi: ncha isiyosogea wala kuzunguka. Fundi anapolisikia, analipokea kwa maana ya mtaani, yaani kutia kitu mahali pake kikakaa. Dirisha hufiksiwa, mlango hufiksiwa, hata mlango ule unaozunguka kwenye bawaba zake kutwa kucha. "Fundi, hii boriti ifiksiwe vizuri," husema mhandisi. "Sawa, injinia," hujibu fundi, na kila mmoja huenda zake akiwa ameridhika. Mazungumzo yamekamilika na hakuna kilichoelezwa.

Neno la pili ni kukaza. Hili ni neno letu la asili, na kwa hiyo mtego wake ni mkubwa zaidi. Mhandisi anayetaka kukwepa Kiingereza husema kwamba kiungo kikazwe. Kwa fundi, kinachokazwa ni nati. Naye atazikaza kwelikweli, mpaka spana iteleze. Hata hivyo, kukazwa kwa bolti na kushikamana kwa kiungo ni mambo mawili tofauti. Chuma cha umbo la herufi I kina kiwambo cha kati na mbawa mbili, ya juu na ya chini. Bolti zikipita kiwamboni peke yake, hata zikakazwa kwa nguvu zote, mbawa hubaki huru na boriti huzunguka kidogo: hiyo ni bawaba. Ili kiungo kishikamane, sharti mbawa nazo zishikwe, kwa mfano kwa bamba nene lililochomelewa kwenye ncha nzima ya boriti, lenye bolti karibu na mbawa ya juu na karibu na ya chini. Kinachoamua tabia ya kiungo ni mahali bolti zilipo na unene wa bamba, si jasho la aliyezikaza.

Ni dhahiri basi kwamba tatizo hili ni la kisemantiki kabla ya kuwa la kihandisi. Neno moja linabeba dhana mbili, na dhana hizo mbili zina matokeo tofauti juu ya vichwa vya watu.

Mapendekezo ya istilahi

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya paa. Boriti, pao, kombamoyo, mtambaapanya na mwamba ni maneno ya kale ya ujenzi. Yanataja vipande vya paa kwa ufasaha. Kilichosalia nyuma ni msamiati wa tabia ya kiungo, yaani neno linalosema kiungo kinafanya nini kinapolemewa. Makala haya yanapendekeza msamiati wa mwanzo wa dhana nne.

Kiungo kinachoshika msogeo na kuruhusu mzunguko kiitwe kiungo bawaba. Neno bawaba linajulikana na kila fundi aliyewahi kutia mlango, nalo linabeba picha kamili ya kinachotakiwa: kushikilia bila kuzuia kuzunguka. Linalishinda neno pini, ambalo humfanya fundi atafute pini halisi mahali ambapo hakuna.

Kiungo kinachoshika vyote viwili kiitwe kiungo shikamani. Kitenzi shikamana kina kauli ya kutendana ndani yake. Kinaeleza kwamba vyuma viwili vimekuwa kama kimoja na pembe yao haifunguki. Hakina uhusiano na spana wala nati, kwa hiyo hakiingii katika mtego wa kukaza. Kiungo kilicho baina ya hivyo viwili kiitwe kiungo nusu-shikamani. Na tendo la kuiambia programu kwamba mzunguko haupitishwi liitwe kuachilia, neno ambalo tayari lina maana ya kuondoa kizuizi bila kukata uhusiano.

Zaidi ya hayo, mwili wa binadamu unaweza kutumiwa kufafanua. Katika Kiswahili, kiungo ni cha paa na ni cha mwili pia. Goti na kiwiko ni viungo bawaba: hushika, nao hukunja. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeungana lakini haikunji. Hivyo ni viungo shikamani. Mwalimu wa chuo cha ufundi anayetumia mfano huu hatahitaji kuazima neno lolote.

Pingamizi na majibu

Bila shaka zitatolewa pingamizi. Ya kwanza itakuwa kwamba uhandisi ni taaluma ya kimataifa, kanuni zake zimeandikwa kwa lugha za kigeni, na programu zake vilevile. Kuzitafsiri ni kupoteza wakati. Jibu ni kwamba hakuna anayedai programu itafsiriwe wala hesabu ibadilishwe. Kinachodaiwa ni kwamba uamuzi mmoja uliomo ndani ya hesabu hiyo, uamuzi kuhusu kiungo, usafiri salama hadi mkononi mwa anayekijenga. Kimataifa huishia pale chuma kinapokatwa. Baada ya hapo ni suala la watu wawili wanaozungumza.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Wahandisi na mafundi wa Hartford walizungumza lugha moja, nalo paa likaanguka. Vivyo hivyo katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, tarehe 17 Julai 1981, vijia vilivyoning'inizwa kwa fito za chuma kutoka kwenye vyuma vya paa vilianguka na kuua watu 114. Kiini kilikuwa badiliko la kiungo: fito moja ndefu iliyopaswa kubeba vijia viwili, cha juu na cha chini, iligawanywa kuwa fito mbili, na kwa sababu hiyo nati ya kijia cha juu ikabebeshwa mzigo maradufu. Badiliko hilo lilizuka baina ya watengenezaji wa chuma na wahandisi, na wote walisema Kiingereza. Je, lugha ya pamoja iliwafaa nini?

Pingamizi hii ina ukweli na haifai kupuuzwa. Lugha ya pamoja haitoshi. Pasipo mtu wa kuuliza "mzigo huu sasa unabebwa na nani?", istilahi zote za dunia hazitainua fito moja. Lakini swali hilo lina sharti: anayeuliza lazima awe na neno la kuulizia. Waliokuwa Kansas City walikuwa na maneno nao hawakuyatumia. Hilo ni kosa lao. Fundi wa Kariobangi aliyepewa neno kufiksi peke yake hana hata nafasi ya kufanya kosa hilo, kwa kuwa hajui kwamba pana mambo mawili ya kuchagua. Kama wenye lugha moja walipotezana, itakuwaje kwa wenye lugha mbili na neno moja lenye maana mbili?

Pingamizi ya tatu hutoka miongoni mwa wanakiswahili wenyewe: kwamba istilahi nyingi zimeundwa na kulala kamusini. Hili pia ni kweli kwa kiasi. Iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na BAKITA imefanya kazi ya usanifishaji tangu mwaka 1967. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Hata hivyo, neno la karakana halihitaji muhuri kwanza; linahitaji mdomo wa kulitamka na mkono wa kulitekeleza. Njia ya kawaida, ya kamati hadi kamusi hadi msomaji, haimfikii fundi asiyesoma kamusi.

Hatua zinazofaa

Kwa hiyo yapo mambo matatu ambayo idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi vinaweza kuyafanya bila kusubiri fedha nyingi.

Kwanza, utafiti wa nyanjani uelekezwe karakanani. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu ya isimujamii au ya istilahi hana haja ya kurudia orodha za miaka iliyopita. Aende Kariobangi au Kamukunji, akae na mafundi wa chuma, asikilize wanachokiita kila kiungo na wanavyotofautisha kinachozunguka na kisichozunguka. Yamkini mafundi tayari wana maneno bora kuliko yaliyopendekezwa hapa. Yakipatikana, haya yaachwe na hayo yachukuliwe, kwa maana mwenye kazi ndiye mwenye neno.

Pili, istilahi zipimwe kwa chuma. Kipimo cha desturi ni kuuliza wataalamu kama neno linapendeza na kama linafuata kanuni za mofolojia. Kipimo kinachofaa zaidi hapa ni chepesi na kikali: fundi aelezwe kiungo kwa maneno ya Kiswahili, bila mchoro, kisha aunde kielelezo kidogo. Mhandisi akikitazama na kukuta mbawa zimeshikwa pale zilipopaswa kushikwa na kuachwa pale zilipopaswa kuachwa, istilahi imefaulu. Asipokuta hivyo, neno lirudi mezani, hata kama limesifiwa na maprofesa kumi.

Tatu, idara za Kiswahili na za uhandisi zilizo katika chuo kimoja zikutane. Mara nyingi ofisi zao zimetenganishwa na ua wa nyasi tu. Mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho atakiwe aeleze kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, viungo vyote vya paa alilolichora: kipi bawaba, kipi shikamani, na kwa nini. Zoezi hilo lingemsaidia yeye kabla ya kumsaidia fundi. Hawezi kueleza kiungo ambacho hakukifikiria, na kwa kulazimika kukieleza angegundua mahali programu ilipomwamulia kimyakimya.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Tangu hapo yamesemwa mengi kuhusu Kiswahili bungeni, mahakamani na katika vyombo vya habari. Ni nadra kusikia likisemwa lolote kuhusu Kiswahili juu ya ngazi, penye mtu mwenye miwani ya giza na waya wa kuchomelea. Naye ndiye anayeamua, kwa bolti mbili au sita, iwapo hesabu ya ofisini ni kweli au uongo.

Heshima ya lugha haipimwi kwa sherehe zake. Hupimwa kwa yale ambayo watu wanaweza kuaminiana kwayo. Siku ambayo fundi wa Kenya atapokea agizo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Injinia, kiungo hiki ni bawaba au ni shikamani?", Kiswahili kitakuwa kimefanya kazi ambayo programu ghali haiwezi kuifanya. Na watoto watakaokaa chini ya paa hilo, darasani, kanisani, msikitini au sokoni, hawatajua kamwe kwamba neno moja liliwalinda.